Machozi ya Crassus: Warumi na Kifo cha Samaki wa Bwawani

Mwaka 92 KK, jiji la Roma lilikuwa na wakaguzi wawili wa maadili ambao hawakupatana hata kidogo. Lucius Licinius Crassus alikuwa miongoni mwa wasemaji hodari kabisa wa kizazi chake. Mwenzake, Gnaeus Domitius Ahenobarbus, alitoka katika ukoo wenye jina kubwa. Kazi yao ilikuwa kuhesabu raia na kuwafuta kwenye orodha ya seneti watu wa mwenendo mbaya, lakini wanakumbukwa zaidi kwa kukaguana wao kwa wao. Domitius alimsema Crassus kwa nyumba yake ya kifahari, kwa nguzo zake za marumaru ya Ugiriki na miti ya thamani iliyoipamba. Kisha akamtolea mbele ya seneti shutuma iliyokusudiwa kumvunjia heshima kabisa: mkunga aliyefugwa katika bwawa lake alikuwa amekufa, na Crassus akavaa nguo nyeusi kama baba aliyefiwa na binti. Crassus hakukana. Macrobius anasema alijisifu kwamba ametenda tendo la mapenzi na uungwana. Plutarchus anampa jibu kali zaidi: kwamba yeye amemlilia mnyama, ilhali Domitius amezika wake watatu bila kudondosha chozi. Aelianus anaongeza kuwa mkunga huyo alivishwa hereni na mikufu ya vito, akaitambua sauti ya bwana wake, akaogelea kumfuata na kupokea alichopewa. Na alipokufa, Crassus alimzika.

Kwa msomaji wa pwani yetu mkunga si mgeni, na yule wa Bahari ya Mediterania ni jamaa wa karibu wa hawa wetu. Ni samaki mwenye umbo la nyoka, ngozi tupu, meno ya kuchoma, makao yake mashimo ya miamba. Mvuvi akimpata humshika kwa tahadhari. Hata dini ya Kirumi haikumpa nafasi ya juu: Plinius anaandika kwamba mfalme Numa aliagiza samaki wasio na magamba wasiandaliwe katika karamu za miungu. Ajabu basi ni kwamba samaki asiyefaa mezani pa miungu alipata matanga nyumbani kwa mtu mkubwa wa Roma, wakati jamaa zake wasiohesabika walipelekwa jikoni. Waandishi wa Kirumi waliosimulia mambo ya namna hii wengi waliyaweka katika fungu la anasa na upuuzi wa matajiri. Nadhani walikosea mahali pa kuweka lawama. Ukifuatilia walichofanyiwa samaki wa mabwawa ya Kirumi baada ya kufa, utaona kwamba maziko ya Crassus yalikuwa na mantiki yake, na kwamba aibu ya mabwawa yale ilikuwa kando kabisa ya kaburi la samaki.

Mabwawa ya maji ya chumvi hayakuanza kama mahali pa mapenzi. Kwa maelezo ya Plinius, Sergius Orata ndiye aliyebuni vitalu vya chaza huko Baiae, kusini mwa Roma, katika enzi ya huyu huyu Crassus, na nia yake ilikuwa fedha. Katika enzi hiyohiyo Licinius Murena alitengeneza mabwawa ya samaki wa kila aina, na wakuu wakaiga: Philippus, Hortensius, Lucullus. Columella anawacheka kwamba majemadari wa zamani walijipatia majina kwa mataifa waliyoyashinda, ilhali hawa, Orata na Murena, walibeba majina ya samaki. Mabaki ya mabwawa hayo yapo mpaka leo katika pwani ya magharibi ya Italia, kama pale Torre Astura. Yalijengwa kwa zege lililochanganywa majivu ya volkeno, ambalo hugandamana hata chini ya maji. Mifereji iliingiza na kutoa maji ya bahari, na kwenye milango yake ziliwekwa bamba zilizotobolewa matundu, maji yapite na samaki wabaki. Ndani ya kuta, mafundi walichomeka mitungi ya udongo kwa ubavu, midomo ikitazama majini, ili samaki apate pa kujificha jua na kupumzika. Varro, aliyechapisha kitabu chake cha kilimo mwaka 37 KK akiwa na umri wa miaka 80, anatenganisha waziwazi mabwawa ya aina mbili: ya maji baridi, yaliyokuwa ya watu wa kawaida na yenye faida, na ya maji ya bahari ya wakubwa, yanayopendeza macho na kukausha mfuko.

Samaki wengi wa mabwawa hayo walikuwa na mwisho mmoja tu, nao ni sahani. Mfano bora ni Gaius Hirrius, aliyekuwa wa kwanza kutenga bwawa kwa ajili ya mikunga peke yao. Julius Caesar alipofanya karamu za ushindi wake, Hirrius alimtolea mikunga 6,000 kwa hesabu ya Plinius, au 2,000 kwa hesabu ya Varro. Hakuwauza, wala hakukubali kubadilishana na mali nyingine. Aliwakopesha, kwa mizani. Sheria ya Kirumi ilikuwa na mkopo wa namna hiyo kwa vitu vinavyopimwa au kuhesabiwa, kama nafaka, mvinyo, mafuta na fedha: mkopaji hutumia alichopewa, kisha hurudisha kiasi kilekile, si kitu kilekile. Hirrius alijua fika kwamba samaki wale wataliwa. Alichodai ni uzito wao urudi bwawani, na mkunga yeyote angeweza kuchukua nafasi ya mwenzake. Alipokufa Lucullus, aliyetoboa mlima karibu na Naples ili kuyaleta maji ya bahari kwenye mabwawa yake, mlezi wa mwanawe alikuwa Cato, mtu maarufu kwa kuchukia anasa. Cato aliwauza samaki wote. Waandishi wanatofautiana juu ya bei, lakini hakuna anayesimulia kwamba yeyote alimsikitikia samaki hata mmoja. Kundi lile lilikuwa mali ya mirathi, likaishia sokoni kama mali nyingine.

Sasa mtazame Quintus Hortensius, mpinzani wa Cicero mahakamani, aliyekuwa na mabwawa huko Bauli. Varro alimfahamu, na anatuonyesha shughuli za pale kwa ukaribu ambao ni nadra katika vitabu vya kale. Hortensius akiwa na wageni, anasema, hakuvua kutoka kwenye mabwawa yake. Alituma mtu Puteoli kununua samaki wa chakula cha jioni. Hakutosheka na kutowala samaki wake, bali alitaka kuwalisha yeye mwenyewe, akijali njaa ya mikundaji wake kuliko Varro alivyojali njaa ya punda wake. Aliweka wavuvi wengi kazini kukusanya vidagaa vya kulishia wale wakubwa, na bahari ilipochafuka wavu usiweze kuvutwa, alinunua samaki wa chumvi mjini ili walio bwawani wasilale njaa. Ilikuwa rahisi zaidi, Varro anatania, kumwomba Hortensius nyumbu wa gari lake akakupa, kuliko kumwomba mkundaji mmoja mwenye ndevu. Plinius naye anataja kwamba Hortensius alimpenda mkunga mmoja kiasi kwamba inaaminika alimlilia alipokufa. Hapa hatuko tena kwenye mizani ya Hirrius. Samaki ambaye mwenye bwawa anamlisha kwa mkono wake, na ambaye hatamla hata akiwa na wageni, amekwisha kutolewa kwenye hesabu ya chakula kabla ya kufa. Siku akifa, jiko halina haki naye, na soko vilevile.

Mstari uliotenganisha samaki wa kuliwa na samaki wa kuliliwa, basi, haukuchorwa na aina yake. Mikunga wa Hirrius na mkunga wa Crassus ni samaki wa aina moja. Haukuchorwa na bei pia, maana samaki wa bei ghali kuliko wote waliliwa: chini ya Kaisari Caligula, Asinius Celer alinunua mkundaji mmoja kwa sesterti 8,000, na alimnunua kwa ajili ya meza. Mstari ulichorwa na mkono uliolisha. Mwaka 60 KK Cicero alimwandikia rafiki yake Atticus akilalamika kwamba wakuu wa dola wanajiona wamegusa mbingu iwapo mikundaji wao wanakuja kula mkononi, na mengine yote wameyatupa. Karne moja na nusu baadaye Martialis anawataja samaki wa Kaisari Domitianus huko Baiae, ambao kila mmoja alikuwa na jina na aliitika akiitwa. Seneca, kwa mujibu wa Plinius, aliandika kwamba samaki aliyetiwa na Vedius Pollio katika mabwawa ya Pausilypon alikufa baada ya miaka 60, na wenzake wawili wa umri huo walikuwa bado hai. Hiyo kwa kweli ni taarifa ya kifo: nani, wapi, umri gani, ameacha nani. Haiwezekani kuandika taarifa kama hiyo juu ya mikunga 6,000 waliokopeshwa kwa mizani. Anayejulikana mmoja mmoja ndiye pekee anayeweza kuacha pengo. Wengine wakiondoka, kinachopungua ni uzito tu.

Msomaji makini atauliza kama kisa cha Crassus kilitokea kweli. Plutarchus aliandika karibu miaka 200 baada yake, Aelianus miaka 300, Macrobius karibu 500. Tena kisa chenyewe kinatoka katika ugomvi wa wanasiasa, na wanasiasa hawakuanza jana kuzushiana. Shaka hiyo ni ya haki, na kwa upande wa hereni na mikufu mimi mwenyewe ningepunguza imani: Plinius anasimulia kwamba Antonia, mke wa Drusus, ndiye aliyemvisha hereni mkunga aliyempenda katika nyumba ileile ya Hortensius huko Bauli, watu wakatamani kwenda kumwona, na huenda pambo hilo lilihama kutoka kisa kimoja hadi kingine. Lakini hoja haisimami juu ya Crassus peke yake. Varro na Cicero waliandika mambo ya wakati wao, juu ya watu waliowafahamu, na wote wawili wanathibitisha kwamba wakubwa wa Roma waliwalisha samaki wao kwa mkono. Zaidi ya hayo, hata uzushi una ushahidi wake. Shutuma ya Domitius isingeuma kama wasikilizaji wangeona kumlilia samaki ni jambo la kawaida, na jibu la Crassus lisingekumbukwa kwa karne tano kama wangeona ni jambo lisilofikirika. Kisa kiliishi kwa sababu kilikaa palepale ambapo watu hawakuwa wameafikiana.

Wengine watasema matanga yale yalikuwa majivuno tu, njia nyingine ya kuonyesha utajiri. Majivuno yalikuwepo kwa wingi, na tunajua yalivyoonekana samaki alipokufa. Seneca anaeleza jinsi walaji wa wakati wake walivyoletewa mkundaji mezani akiwa hai, ndani ya chombo cha kioo, ili wamtazame akikata roho. Rangi nyekundu inawaka, inazidi kukolea, kisha inafifia vipande vipande ubavuni, wekundu ukigeuka weupe, huku wageni wakionyeshana kila badiliko na kusifu uzuri wake. Watu hao hao, Seneca anasema kwa uchungu, hawaketi kando ya rafiki anayekufa. Hivyo ndivyo kifo cha samaki kilivyogeuzwa tamasha la matajiri: kina hadhira, kina sifa, na kinamalizikia kwenye chakula. Matanga ya Crassus hayakumletea lolote la hivyo. Hereni za Antonia zilivuta watazamaji samaki akiwa hai. Nguo nyeusi za Crassus zilimletea dhihaka mbele ya seneti, tena wakati alipokuwa na cheo cha kusimamia maadili ya wenzake. Mtu anayetafuta sifa hachagui tendo litakalompa adui yake silaha. Tukimwamini Macrobius, majisifu yake yalikuja baadaye, kama jibu kwa shutuma iliyokwisha kutolewa.

Tena matanga ya mnyama hayakuwa kitu kigeni Roma. Yamehifadhiwa mpaka leo mawe ya makaburi ya mbwa wa Kirumi, na mmoja wao, Margarita, mbwa jike wa kuwinda, maandishi yake yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London. Mwaka 35 BK, kunguru mkubwa aliyekuwa akiwaamkia wakuu kwa majina kila asubuhi sokoni aliuawa na fundi viatu jirani. Umati ukamfukuza fundi huyo mtaani, kisha ukamuua, na ndege akazikwa kwa heshima zote, mpiga zumari akitangulia na jeneza likibebwa mpaka kwenye barabara ya Appia. Hata hivyo sheria iliweka mpaka ambao machozi hayakuuvuka. Ardhi iliyozikwa binadamu iligeuka kuwa mahali pa wafu, haiuzwi wala kulimwa kama shamba la kawaida, na wanasheria walisema wazi kwamba hata kaburi la mtumwa lilikuwa na hadhi hiyo. Mnyama hakuwemo katika kanuni hiyo. Popote Crassus alipomfukia mkunga wake, ardhi ile ilibaki bustani. Mbele ya sheria, kwa hiyo, kifo kilirudisha mpangilio mahali pake: mtumwa aliyezikwa alikuwa mtu, na samaki aliyezikwa alikuwa samaki.

Tatizo ni kwamba uhai uliupindua mpangilio huo, na hapa ndipo pingamizi kubwa kuliko yote linapokaa. Wanawezaje watu waliomiliki binadamu wenzao kumwaga machozi kwa mkunga? Varro anatoa ushahidi wenyewe akidhani anachekesha: Hortensius, anasema, alijali samaki wake wagonjwa si chini ya watumwa wake wagonjwa, na hakujali sana kumzuia mtumwa anayeumwa asinywe maji ya baridi kama alivyojali samaki wake wapate maji mapya. Wavuvi waliotumwa kutafuta vidagaa vya kulishia mabwawa hawana majina katika kitabu chake. Kwa Vedius Pollio mambo yalifika mwisho wake. Tajiri huyo, aliyefariki mwaka 15 KK, aliwatupa watumwa wenye makosa katika bwawa la mikunga. Siku moja Kaisari Augustus akiwa mgeni wake, mtumwa alivunja kikombe cha fuwele, akaamriwa atupwe. Akakimbilia miguuni pa Kaisari akiomba, si kusamehewa, bali kufa kwa namna nyingine. Augustus aliagiza kijana aachiliwe huru, vikombe vyote vivunjwe mbele yake na bwawa lifukiwe. Ikiwa samaki wa Pausilypon kweli walifika miaka 60, ama lile lilikuwa bwawa jingine, ama amri haikutekelezwa yote.

Pingamizi hili ni zito, ila linampiga mtu mwingine. Pollio hasimuliwi popote kuwa alimlilia samaki. Mikunga kwake walikuwa chombo cha kuadhibu. Hirrius hakulia, wala Cato, wala walaji wa Seneca na vioo vyao. Huruma kwa samaki haikuwa chemchemi ya ukatili kwa watumwa, kwani wakatili zaidi hawakuwa nayo, na jamii ile ingebaki ya utumwa hata kama mabwawa yote yangekuwa matupu. Hata kwa Hortensius, kinachochukiza si kwamba alijali maji mapya kwa ajili ya samaki wake. Ni kwamba hakuogopa maji ya baridi kwa ajili ya mtu. Domitius na waandishi wa maadili waliomfuata waliona nguo nyeusi wakapiga kelele, maana hizo zilikuwa ngeni machoni pao. Mtumwa mgonjwa na mtungi wake wa maji hawakuwashtua, maana walimwona kila siku. Ndiyo maana shutuma ya anasa, iliyorudiwa kwa karne nyingi, haikufikia kiini cha jambo: ililaumu huruma kwa kuzidi upande mmoja, badala ya kuilaumu kwa kukosekana upande wa pili. Augustus, ambaye hatuna haja ya kumfanya mtakatifu, angalau siku ile alitazama upande uliostahili kutazamwa.

Leo bwawa la Kirumi limekuwa tangi la kioo sebuleni, na baadhi ya samaki wanaoishi humo huko Ulaya na Marekani asili yao ni Ziwa Tanganyika, maji ya Kigoma na Bujumbura. Wanapokufa, wenye nyumba huuliza swali lilelile la kale: chooni, pipani, au shimoni bustanini? Jibu la Kirumi, likipembuliwa, si gumu. Samaki aliyekuwa na jina na aliyejua mkono wa mlishaji wake ameshatengwa na wa kuliwa, na kumfukia ardhini ni kukiri tu jambo lililokwisha kuwa kweli. Hakuna binadamu anayepunguziwa chochote na shimo hilo. Asiyetaka kulia asilie, naye hana kosa. Lakini anayetaka kumpima mfugaji kwa haki asihangaike na machozi yake. Aulize nani anayesafisha tangi lile na kubadilisha maji, analipwa kiasi gani, na siku akiugua anapelekwa wapi.